Je, Wajua? Mali ya Kasongo na Kabambare imelala makumbusho gani

Salamabila watu wanaijua kwa dhahabu ya Namoya na kwa pikipiki zinazokwenda Lulimba. Mgeni akifika akauliza makumbusho yako wapi, watamshangaa. Lakini vitu vya Maniema ya kusini, na habari zake, viko makumbushoni tele: Scotland, Ubelgiji, Kinshasa, mpaka Los Angeles. Safu ya leo ni ya mtu anayepanga safari, na pia ya yule ambaye hatatoka Kabambare mwaka huu lakini anataka kujua mali ya kwao imelala kwa nani.

Je, wajua kwamba mmoja wa wagonjwa waliopata kulazwa Kabambare alikuwa mmisionari na mpelelezi David Livingstone? Alifika Septemba 1869 katika kijiji alichokiandika "Bambarre", ambacho wanahistoria wanakitambua kuwa ni Kabambare. Mwaka uliofuata alitoka kuutafuta Lualaba. Watu wake wengi wakamgomea, akabaki na watatu: Susi, Chuma na Gardner. Julai 1870 alirudi akichechemea, miguu imeliwa na vidonda, akakaa ndani ya kibanda siku 80. Hakuondoka mpaka Februari 1871. Mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa Umanyema aliisoma Biblia yote mara nne. Alikuwa pia na magazeti ya zamani, ila hayo aliyapa kazi nyingine.

Na kazi yenyewe ni hii. Karatasi zilimwishia, wino nao ukamwishia. Akachukua gazeti la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaligeuza upande, akaandika shajara yake juu ya habari zilizokwisha chapwa, mistari yake ikiikatiza mistari ya gazeti. Wino aliutengeneza kwa mmea wa hukohuko. Ulipofifia, kilichobaki ni michirizi hafifu juu ya chapa nyeusi ya matangazo na habari za bunge. Zaidi ya karne nzima ikapita bila mtu kuweza kuisoma sawasawa. Mwaka 2011 timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilipiga picha kila ukurasa kwa mianga ya aina nyingi, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho. Wino wa mmea ukatengana na wino wa kiwandani, maneno yakasomeka.

Na humo ndimo yalimo mauaji ya Nyangwe, kando ya Lualaba, ya tarehe 15 Julai 1871: wafanyabiashara wenye bunduki waliwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na wengi waliokimbilia mtoni wakazama. Kitabu cha safari zake kilichotoka 1874 kilihaririwa. Hizi karatasi hazikupita kwa mhariri, ndiyo maana mimi naziweka juu ya kila kitu kingine katika orodha hii. Karatasi zenyewe zimehifadhiwa Scotland, ambako Makumbusho ya Livingstone yako Blantyre, katika jengo la makazi ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba alimozaliwa mwaka 1813. Yalifunguliwa 1929, yakafanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena 2021. Asiye na nauli ya Scotland asikate tamaa: kurasa hizo ziko kwenye tovuti ya Livingstone Online, bure, na zinafunguka kwenye simu.

Je, wajua kwamba katika mji wa mapumziko pwani ya Ubelgiji kuna mnara wa habari ya Kasongo? Uko Blankenberge, mbele ya bahari, watu wanapita na aiskrimu zao. Ulisimamishwa mwaka 1900 kwa ajili ya Wabelgiji wawili, Luteni Lippens na Sajenti De Bruyne, mzaliwa wa mji huo. Hao walikuwa Kasongo, mikononi mwa Sefu, mwana wa mfanyabiashara mkuu Tippu Tip, vita kati ya jeshi la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili vilipoanza mwaka 1892. De Bruyne alipelekwa mpaka ukingo wa Lomami kuzungumza na maafisa wenzake waliokuwa ng'ambo. Walimwambia ajitupe majini, wao watamlinda kwa bunduki. Akakataa, kwa sababu Lippens alikuwa amebaki nyuma, akiwa mgonjwa. Alirudi Kasongo, na Desemba wote wawili wakauawa.

Ni kisa cha mtu jasiri, hilo halina ubishi. Ila vita vile viliua maelfu ya watu wa Lualaba na Lomami, askari, wapagazi na wanakijiji wasio na upande, na hao sijapata kusikia mnara wao uko ufuo gani.

Kasongo ilianguka lini? Nyangwe ilitwaliwa tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, na jeshi la Leopold chini ya Francis Dhanis. Kabambare ilifuata Januari 1894, Rumaliza, mkuu mwingine wa wafanyabiashara hao, aliposhindwa.

Je, wajua kwamba washindi walishangaa walichokikuta? Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la Dhanis, alisimulia katika kitabu chake cha 1897 kwamba askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri, katika vitanda vya kuchonga vyenye vyandarua vya hariri. Chumba alichojichukulia yeye kilikuwa na mlango unaotokea kwenye bustani ya michungwa, na mbele yake mandhari ya maili kadhaa. Nasisitiza neno "alichojichukulia". Vitu vingi vilivyoingia makumbushoni Ulaya vilianza safari kwa njia hiyohiyo.

Kasongo ile haikuwa pale ulipo mji wa leo. Ilikuwa Tongoni. Wanaakiolojia wa Kongo na Ubelgiji, miongoni mwao Noemie Arazi, Clément Mambu na Igor Matonda, wamefanya utafiti huko pamoja na mpiga picha wa Lubumbashi Georges Senga, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Antiquity mwaka 2020. Walichunguza ardhi, na pia walikaa na wazee wakasikiliza. Kwa mtu wa Salamabila hii ndiyo ziara ya karibu kuliko zote: haina tiketi, haina paa, na anayeijua historia ni mzee wa kijiji.

Je, wajua kwamba kuna neno moja kwenye jiwe la Brussels ambalo watu wameligombania kwa patasi? Katika bustani ya Cinquantenaire kuna mnara mkubwa wa mwaka 1921 wa kuwasifu Wabelgiji wa mwanzo walioingia Kongo. Sehemu moja inasifu ushujaa wa jeshi la Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mfanyabiashara ya utumwa. Yaani vita vyetu vya Kasongo. Shida ni kwamba hatua chache kutoka hapo upo Msikiti Mkuu wa Brussels. Malalamiko yakaja, neno "Mwarabu" likafutwa. Wengine wakalalamika kwamba limefutwa, likarudishwa. Likafutwa tena. Ukipita, tazama jiwe lilivyokwaruzwa mahali pale.

Kwa msomaji wa Kasongo, mji wenye Waislamu wengi kuliko karibu kila mji wa Kongo, ugomvi huo una kichekesho chake: waliopigana pande zote mbili walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, na baadhi ya wakuu walihama upande katikati ya vita. Gongo Lutete alikuwa mtu wa Tippu Tip, akahamia kwa Wabelgiji, akawasaidia kushinda, na Septemba 1893 Wabelgiji haohao wakampiga risasi. Jiwe halina nafasi ya mambo kama hayo.

Tervuren. Hapa lazima tukae kidogo. Nje kidogo ya Brussels yako makumbusho ya Afrika ya Kati, siku hizi AfricaMuseum, yenye vitu vya kitamaduni takriban 120,000, vingi kabisa kutoka Kongo. Chanzo chake ni maonyesho ya mwaka 1897, ambapo Leopold II aliwaleta Wakongo 267 na kuwaweka katika vijiji vya kuigiza bustanini ili Wabelgiji waje kuwatazama. Saba walikufa. Wamezikwa palepale Tervuren, kando ya kanisa.

Jumba la sasa, kazi ya msanifu majengo Mfaransa Charles Girault, lilifunguliwa 1910. Ndani upo ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Majina ya Wakongo? Hakuna hata moja. Makumbusho yalipofunguliwa upya Desemba 2018, baada ya kufungwa miaka mitano, Freddy Tsimba wa Kinshasa alikuwa amepata jibu: aliandika majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji kwenye vioo vya madirisha yanayoelekeana na ukuta ule. Jua likitoka, vivuli vya majina yao vinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Kukiwa na mawingu hakuna kitu. Nenda siku ya jua, basi, na Ubelgiji hilo si jambo la kulitegemea.

Humohumo Tervuren kuna sanamu ya Charles Samuel ya mwaka 1897 inayomwonyesha mwanamume wa Wakusu-Batetela akimkinga mwanamke asichukuliwe na Mwarabu. Wakusu ni wa kwetu Maniema. Aliyekosekana kwenye sanamu ni ofisa wa Leopold aliyekuja baadaye kudai mpira na pembe kutoka kwa mwanamume huyohuyo.

Je, wajua kwamba daftari za mpelelezi Stanley nazo ziko Tervuren? Wakfu wa Mfalme Baudouin ulizinunua mwaka 1982 na kuziweka huko. Stanley aliondoka Nyangwe Novemba 1876, akisindikizwa na Tippu Tip na mamia ya watu wake.

Mwenyewe Tippu Tip je? Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyeitawala Kasongo, alifariki Zanzibar Juni 1905. Nyumba yake iko Shangani, Mji Mkongwe, na mlango wake wa kuchonga ni miongoni mwa milango inayopigwa picha sana. Si makumbusho. Humo wanaishi watu, kwa hiyo tazama mlango, salimia, pita. Maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa wasifu wa kwanza wa mtu kujiandikia kwa Kiswahili. Kwa hiyo habari za Kasongo ya zamani tunazo kwa lugha yetu, kutoka kinywani mwa aliyefaidika nazo. Msomaji asisahau hiyo nusu ya pili.

Je, wajua kwamba mkusanyo mmoja mkubwa wa sanaa ya Balega uliundwa na mtu wa kompyuta? Jay Last alikuwa mmoja wa wanaume wanane walioanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor huko California mwaka 1957, kampuni iliyozaa nusu ya Silicon Valley. Pesa zilipopatikana akaanza kununua vinyago vya Balega. Mwishowe alivitoa kwa makumbusho ya Fowler, Los Angeles.

Kinyago chenyewe ukikiona utashangaa udogo wake. Vingi ni vya ukubwa wa kiganja, uso mrefu wenye umbo la moyo, macho kama punje za kahawa, mdomo wazi kidogo. Vya mti, lukwakongo, vina weupe wa udongo na ndevu za nyuzi. Hakikuvaliwa usoni tu: kilishikwa mkononi, kilifungwa mkononi au kichwani, kilitundikwa kwenye uzio, kilivutwa chini kwa ndevu zake. Sanamu za pembe zilikuwa za wakubwa wa daraja la kindi katika Bwami, chama cha Balega chenye madaraja, na mng'ao wake wa njano umetokana na kupakwa mafuta na kupapaswa vizazi kwa vizazi. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyeishi na Balega miaka ya 1950, alieleza kwamba kila kitu kilikuwa na methali zake, zikiimbwa na kuchezwa. Kitu bila methali hakikuwa na kazi. Sasa nenda kakisome kibao chini ya kioo: "Lega, pembe ya ndovu, karne ya 19 au 20." Methali haipo. Serikali ya kikoloni iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na baada ya hapo vitu vilitoka kwa kasi.

Babuyu wa Kabambare, mpo? Sanamu za mababu zenu, wanaume wenye ndevu za kupigwa mistari na mikono tumboni, ziko makumbushoni na minadani. Mara nyingi zimeandikwa "Boyo". Tafuteni kwa jina hilo, vinginevyo hamtazipata.

Je, wajua pembe za Maniema ziliishia wapi? Nyingi zilipigwa kama piano nyumbani kwa watu Marekani. Pembe zilizobebwa mabegani kutoka Kasongo na Kabambare mpaka pwani zilipakiwa Zanzibar, na sehemu kubwa ya zilizokwenda Marekani iliishia kwenye vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton. Viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney vilizipasua kuwa vibamba vyembamba vya kufunika vitufe vya piano. Kwa kuwa wanunuzi walitaka weupe, vibamba vilianikwa wiki kadhaa ndani ya mabanda marefu ya vioo, vikigeuzwageuzwa juani mpaka rangi ya njano itoke. Balega walitumia miaka kuitia pembe ile njano, Connecticut ikajenga mabanda ya kuiondoa. Makumbusho madogo ya Deep River, Stone House, yanaeleza habari ya viwanda hivyo.

Kinshasa sasa. Tarehe 4 Oktoba 1973 Mobutu alisimama Umoja wa Mataifa akadai nchi zilizochukua kazi za sanaa zirudishe walau baadhi. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha vitu 114. Mia moja na kumi na nne, kati ya idadi niliyoitaja hapo juu. Kisha miaka ya 1990 makumbusho ya Kinshasa yakaporwa, na baadhi ya vilivyorudi vikaondoka tena kwa mlango wa nyuma.

Makumbusho mapya ya Taifa, kwenye barabara ya Triomphal, yalijengwa kwa dola milioni 21 za Korea Kusini na kuzinduliwa na Rais Tshisekedi Novemba 2019. Ndiyo, Korea. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu Sama Lukonde orodha ya vitu kama 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren, na Juni mwaka huo Mfalme Philippe akaja na kinyago kikubwa cha kakuungu cha Basuku. Alikitoa kwa mkopo usio na kikomo. Mwenye mali kukopeshwa mali yake ni jambo ambalo wanasheria wanaweza kulieleza vizuri, mimi siwezi. Julai 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa kinyume cha haki, kwa hiyo orodha ile ni ya kusomwa mstari kwa mstari, hasa na watu wa Kasongo.

Lubumbashi usiiruke. Makumbusho yake yalianzishwa na Francis Cabu mwaka 1946, na yana mkusanyo wa zana na vyungu vya kale vya Katanga.

Kwa anayeelekea mashariki, barabara ya makumbusho ni ileile ya misafara: Nyangwe, Kasongo, Kabambare, Mtowa kando ya Tanganyika, kisha ng'ambo Ujiji. Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta Novemba 1871, muda mfupi baada ya Nyangwe kumtia mzee yule simanzi akarudi nyuma. Mwongozaji akikwambia yeye ni Mmanyema, usishangae. Wamanyema wamejaa Ujiji na Kigoma, na watu wa Kabambare wakishuka pale hupata wa kuongea nao habari za kwao. Karibu na Tabora kuna tembe la Livingstone huko Kwihara. Mwisho ni Bagamoyo, makumbusho ya misheni ya Wakatoliki, katika jengo la 1876 lililokuwa la masista. Mwili wa Livingstone ulilala katika kanisa la misheni ile usiku mmoja Februari 1874, baada ya Chuma na Susi, walewale wa Kabambare, na wenzao kuubeba kutoka eneo ambalo leo ni Zambia.

Zanzibar, ukivuka, anza na maonyesho ya biashara ya utumwa penye kanisa la Anglikana, mahali lilipokuwa soko la watumwa. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kupanga.

Na la mwisho kwa wa Ulaya: AfricaMuseum hufungwa Jumatatu. Ukitoka Brussels panda tramu namba 44, inapita msituni na kukushusha karibu kabisa na lango.